Kesi ya Sichana na Kahawa Yangu

Mpendae, Unguja
12 Juni 2024

Mpendwa mpwa wangu Sumaiya,

Marahaba, kutoka kwa mtu ambaye siku hizi Mpendae nzima haipigi chafya bila ya idhini yake! Najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha, nami nshaitikia. Hujambo na joto la Maskati? Hafiz wetu kashaota meno? Sisi wazima, isipokuwa goti langu. Daktari anasema goti kama hili kaliona kwa wachezaji mpira wa Ulaya tu.

Habari kubwa ni kwamba nimeingia kamati ya watoto ya shehia. Sheha alitafuta mtu kisiwa kizima, akarudi kwangu.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya Sichana, mtoto wa miaka minane, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Anakaa na mamake na baba wa kambo, Pandu, yule ninayecheza naye bao. Mwalimu aliona alama miguuni mwake, na mtoto kaacha kucheza na wenziwe. Mwalimu akampasha habari Bi Khairat, afisa wa ustawi wa jamii.

Mimi nikaona afisa atamwaibisha Pandu. Muhali unaujua, mwanangu: vipi utamtolea macho mtu unayekula naye sahani moja? Basi nikamtangulia. Nikaitisha kikao kibarazani kwangu: Pandu, majirani saba, kahawa, kashata. Nikamsimamisha mtoto katikati, nikamuuliza kwa sauti yangu ile, "Sema kweli, nani kakupiga?"

Akamtazama Pandu. "Nimeanguka."

Watu wote, Alhamdulillahi! Pandu akaomba kikombe cha pili. Nikaandika kwenye daftari: kesi imekwisha.

Kesho yake asubuhi kaja Bi Khairat, msichana mwembamba, ungempa pipi.

"Mjomba Silima, umemuuliza mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote, asiogope."

"Na Pandu?"

"Kakaa mbele kabisa."

"Na baada ya kikao mtoto karudi kwa nani?"

Sumaiya, mimi nshajibizana na mawakili watatu kwa mpigo. Pale nikamuuliza kama atakunywa kahawa.

Akanifahamisha kuwa mtoto huulizwa faraghani, na mtu anayejua kunyamaza. Siku ile ile akampeleka Sichana kwa bibi yake Kizimbani, na mimi nikafuatana nao kama mkuu wa msafara. Bi Khairat akavua viatu, akakaa mkekani, wakachora nyumba kwa penseli za rangi. Kikao hicho nilikisimamia mwenyewe, kwa kimya cha kitaalamu. Mwisho mtoto akasema yote. Hospitali wamempima, polisi wamemchukua Pandu, kesi iko mahakamani.

Majirani wengine hawanisalimu, eti nimemtia ndani mtu wa watu. Na wasinisalimu! Sichana yuko kwa bibi yake, na jana kanitolea ulimi.

Msalimie mumeo Abdulrazak, umbusu Hafiz. Mke wangu Khamisa anakusalimu, anauliza udi wake uko wapi. Mola akufungulieni kila mlango wa kheri.

Jambo moja nakwambia wewe tu, Khamisa asilijue. Kule Kizimbani sikusikia hata neno. Sichana alimnong'oneza Bi Khairat, "Yule babu mwenye makelele atoke kwanza." Babu! Nikatolewa. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, na bibi yake kasema hata nazi yenyewe sijui kukuna.

Wako akupendaye,
Mjomba Silima