Ndege Inayogoma Mchana

Jumanne, 3 Januari 1956

Imegoma tena! Imetua saa nne, barua na vipuri vya mashine vimeshushwa, rubani wetu Bwana Stavro kanywa chai yake kwa Meneja wa shamba la mkonge. Kurudi — injini haitaki. Baba kaishika rafadha, lile panga la mbele, kavuta, kavuta, kavuta. Nimehesabu mara thelathini na mbili. Shati limelowa chapa. Bwana Stavro anasema asubuhi kule Tanga iliwaka kwa mvuto mmoja tu. Ikifika kwetu, mchana, inakuwa punda.

Nilicheka. Naandika humu kwa sababu sitamwambia mtu. Kofia ya Baba ilipeperuka, akaifukuza mpaka kwenye mkonge, na mimi binti yake niko nyuma ya pipa la maji nimebana mdomo kwa kanga. Dhambi. Lakini ilichekesha!

Imewaka saa tisa, yenyewe ilipochoka kugoma.

Ijumaa, 6 Januari

Imegoma. Safari hii mbele ya Amur. Amur ni mtoto wa Mzee Marhun mwenye duka pale Muheza, huja kwa baiskeli kuchukua barua zao. Akamwambia Baba: "Mzee Manase, mpe ndimu huyo, kalewa!" Watu hoi. Kumbe hakukosea sana. Bwana Stavro alisema injini imekunywa petroli kupita kiasi. Akazima swichi, Baba akaizungusha rafadha kinyumenyume ili iteme. Ikatema. Ikawaka — pu, pu, pu — ikafa. Ikalewa upya!

Amur aliniuliza nasoma wapi. Nikamjibu, "Ndiyo."

Ndiyo! Najua Kiswahili, najua Kiingereza, na hilo ndilo nililopata.

Jumanne, 10 Januari

Mambo si ya kuchekesha tena. Meneja kamwambia Baba kwamba ndege haiwezi kushinda hapa kila safari. Mwezi huu ukiisha bado inagoma, itahamia shamba la upande wa Pangani. Na Baba? Atarudi kukata mkonge.

Miaka minne uwanja huu ni wake. Kafyeka mwenyewe, kapanga mawe mwenyewe, anayapaka chokaa kila mwezi. Mawe yamekaa hivi: ndege ikisimama, uso wake uitazame baraza ya Meneja, kama mgeni anayebisha hodi. Watu wa mashamba mengine wamekuja kuyatazama. Baba husema, "Mgeni gani anaingia kwa watu na kuwaonyesha matako?" Mama humkemea: "Baba Yudith, mtoto anasikia!"

Leo hakula bada yake, ugali wa muhogo anaoupenda. Alisukuma sahani tu.

Ijumaa, 13 Januari

Imewaka! Mvuto mmoja!!

Ilikuwa hivi. Mbuzi wa nyapara walikuwa wamelala katikati ya mawe ya Baba, hawafukuziki. Bwana Stavro akakata shauri kuiacha ndege kule mwisho wa uwanja, palepale ilipoishia kukimbia. Baba aliona haya, alimwomba Meneja radhi mara mbili. Baada ya chai wakaenda, Baba kavuta mara moja — ngurumo! Karuka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Halafu akacheza. Baba yangu, mzee wa kanisa, kacheza uwanjani mikono juu!

Mama anasema ni maombi yake ya alfajiri. Mimi nasema amina. Ila leo jua lilikuwa kali kuliko Jumanne. Sasa kwa nini?

Jumanne, 17 Januari

Mbuzi wamefungwa. Ndege imesimama kwenye mawe. Imegoma.

Bwana Stavro kaacha kitabu cha injini, cha Kiingereza. Baba kanipa kwa mikono miwili kama Biblia. "Nisomee, mama. Wewe ndiye macho yangu." Kurasa sitini na nne!

Alhamisi, 19 Januari

Nimepata. Nimepata!

Injini ikizimwa haipoi papo hapo. Kwanza inazidi kuwa moto, maana hakuna tena upepo wa kuipuliza. Ule moto unapanda, petroli iliyo ndani inachemka kama maji ya chai. Nyingine inakuwa mvuke kwenye bomba, nyingine inafurika ndani ya injini. Ndiyo ule ulevi! Na kitabu kinasema, penye joto kali ndege iegeshwe ikiupa upepo uso, na vifuniko vya injini vifunguliwe.

Mwezi huu ni wa upepo wa kaskazi. Nimetoka na kanga nikaishika juu, kusudi nione upepo unakotoka. Unatoka nyuma kabisa ya mawe ya Baba. Mgeni wetu tunampuliza mgongoni! Siku ya mbuzi alitua akiukabili upepo, akasimama vilevile.

Nimeruka peke yangu kama mwehu. Halafu nikakaa chini. Nani atamwambia Baba kwamba kosa ni mawe yake?

Ijumaa, 20 Januari

Sikusema. Nilifungua mdomo wakati wa chai ya asubuhi, nikaomba sukari.

Imegoma. Baba kavuta mara arobaini na moja, viganja vimechubuka. Mimi nilikuwa najua, na nilikuwa nahesabu. Meneja kasema hangoji mwisho wa mwezi: Jumanne ndiyo ya mwisho.

Mungu nisamehe.

Jumatatu, 23 Januari

Nimesema.

Nilimkuta anapaka mawe chokaa — kwa ajili ya kesho, yapendeze. Nikasema nikiitazama ndoo. Yote, bila kupumua: mvuke, kaskazi, mbuzi. Brashi ikasimama.

"Kitabu ndicho kinachosema, au wewe?"

Ningeweza kujificha nyuma ya kitabu. Kitabu cha Kizungu, nani angekibishia? Nikasema, "Mimi, Baba. Siku ya mbuzi ndiyo iliyonitia shaka. Kitabu kimekuja kunithibitishia."

Akamaliza kulipaka lile jiwe, mpaka nyuma kusikoonekana. "Kamsaidie mama yako."

Basi. Sijui. Lakini nimesema! Mwili mwepesi, nimechota maji ndoo tatu bila kuhisi uzito.

Jumanne, 24 Januari

Niko juu ya pipa, naandika upesi upesi.

Imetua. Baba kakimbia mbele yake akipunga mikono, akaipitisha mawe, akaizungusha — mkia baraza, uso kaskazi! Vifuniko vya injini viko wazi kama masikio ya tembo. Kina mama wamepiga vigelegele, sijui kwa nini, labda kwa huo mkia.

Meneja katoka na kikombe mkononi. Kauliza nani kaigeuza ndege hivi. Baba kasema kwa sauti, "Binti yangu, Bwana." Si kitabu. Binti yangu.

Nusu saa imepita. Bwana Stavro amepanda, vifuniko vimefungwa. Watu wamejipanga mpaka kwenye mkonge, Amur amesimama juu ya baiskeli ili aone. Upepo unavuma vizuri — ee Mungu, usikome.

Bwana Stavro kasema swichi tayari. Baba kaishika rafadha. Havuti. Anatazama huku na huku, sasa kaniona. "Yudith! Shuka huko. Njoo usimame hapa pembeni ya bawa, watu wakuone, ndipo nivute."

Wote wamegeuka. Amur naye.

Bado hajavuta. Ananingoja. Naweka kalamu, nashuka.