Siku Uliyosema Mimi Si Wako

Mama,

Nimeolewa! Mwezi jana, Agosti 1998, katika kanisa letu hapa Umoja, na kiti chako mbele tukakiacha wazi. Kamau hunipikia chai kabla hajaenda kiwandani, na jioni nikisikia viatu vyake kwenye ngazi moyo hunidunda kama wa msichana wa shule. Nampenda, Mama, mpaka naona haya.

Ndiyo maana naogopa.

Siku walipoleta mahari tulifunikwa leso kama ilivyo desturi, mimi na binamu zangu, Kamau amtambue wake. Akanijua mara moja, kwa vidole vya miguu! Leso ikafunuliwa. Ukanitazama usoni, ukasema, "Huyu si msichana wangu. Wangu bado yuko shule."

Watu wakacheka hadi machozi. "Mama mkwe huyu ni moto!" shangazi yake Kamau akapiga kelele. "Ongezeni mbuzi!" Walidhani unawachezea ili mahari iongezwe. Mimi niliona macho yako yakinitafuta nyuma yangu.

Baadaye daktari wako aliomba maji ya uti wa mgongo wako yapelekwe ng'ambo, ambako wanajaribu kutambua kwayo ule uchafu unaoganda ubongoni na kumsahaulisha mtu. Mjomba akakataa kabisa: "Sindano ya mgongo hulemaza mtu!" Ukaaga dunia, ukatuacha bila jibu, kama Nyanya alivyotuacha, naye alisahau hivyo hivyo.

Juzi nilimrudia daktari. Nikakunja mkono wa blauzi, nikamwambia atoe damu yangu aniambie kama zamu yangu inakuja. Akaukunjua ule mkono taratibu. Damu, alisema, bado haijui kusema lolote kuhusu ugonjwa huu. Maji ya mgongo ndiyo yanaanza kusema, tena kwa kunong'ona, na huko mbali tu. "Na hata yakisema, dada, dawa sina."

Nilimweleza Kamau yote. "Ukinisahau," akasema, "angalau utasahau ninavyokoroma." Nikacheka, kisha nikalilowesha shati lake kwa machozi.

Lala, Mama. Sina habari njema ya kukuletea. Nakuahidi tu kwamba wakija siku moja na sindano yao nitawainamishia mgongo, hata kama jibu halitanifaa kitu. Na Kamau nitampenda haraka, mapema, wakati bado najua ni nani.

Msichana wako,
Wambui