Kesho Tunazika Mgomba Badala Yako

Mpendwa Baba Moraa,

Kesho asubuhi wanakuzika, na nimeona afadhali habari hii uipate kwangu. Hawajakupata. Ndugu yako mkubwa ameleta mgomba kwa pikapu kutoka Bahati, maana baridi yetu ya Molo haipatani na ndizi. Wameulaza sebuleni, wakauvisha koti lako. Unajua desturi ya kwetu: aliyepotea, mwili wake usipoonekana, huzikiwa mgomba, ili waliobaki waendelee kuishi.

Ni lile koti ulilonivalisha siku ya vita. Kura zilikuwa zimeshahesabiwa, nyumba za ng'ambo ya mto zinaungua, na majirani tuliokuwa tukiombana chumvi hawatutazami usoni. Ulitupandisha kwenye lori la viazi, mimi na Moraa mgongoni. Nilikusihi upande. Ukasema ng'ombe ana mimba, huwezi kumwacha amefungwa ateketee zizini.

"Tangulieni Nakuru. Nikimfungua tu, nawafuata."

Nilikukasirikia, Baba Moraa, na hasira hiyo nimeishi nayo. Mwanamume gani huchagua ng'ombe? Halafu nakumbuka ulivyokuwa ukimwongelesha ukimkamua, maneno mengi kuliko uliyonipa mimi. Nilipolalamika ulicheka, ukasema angalau yeye hajibu. Nami nilicheka, ingawa nilikuwa nimenuna.

Pale kambini Nakuru nilimuuliza kila aliyefika kutoka Molo. Nikazunguka hospitali, nikazunguka na vyumba vya maiti, nikifunuliwa nyuso za watoto wa watu. Tuliporudi shambani nilipanda viazi na kukungoja. Kungoja kulinichosha kuliko jembe.

Sasa Moraa ameposwa na kijana wa Elburgon, mpole, fundi wa mbao. Wakwe walipotaka kuleta mahari, ndugu yako alikataa kuipokea. Aliniita kando, akasema bila ukali, "Shemeji, siwezi kukalia kiti cha mtu ambaye hatujui kama yuko hai ama amekufa. Sema wewe."

Nilimtazama Moraa. Alikuwa akilia.

"Mum, mi sitaki azikwe," akasema. "Lakini pia nataka kuolewa."

Hata sura yako haikumbuki, anaijua kwa kusimuliwa. Nikasema sawa, nikaenda jikoni kuchemshia wageni chai. Nilidhani nitalia. Sikulia, nilisikia baridi tu.

Jambo moja linanitesa. Unajua kwamba aliyezikwa haingii tena langoni, hata akija kwa miguu yake. Wazee hawatakukaribisha, watoto watakukimbia, na mimi nitakatazwa kukupa hata maji. Miaka yote hii nimekuita, jikoni, shambani, kanisani watu wakiimba. Leo nakuomba usije. Kama uko hai mahali, kaa huko huko. Na kama kuna mwanamke anayekupikia, ambaye nimemtukana sana moyoni bila kumjua, mwambie nimemsamehe. Mwambie kifua chako hakiwezi baridi, akufunike vizuri.

Kwaheri, baba wa mtoto wangu.

Mkeo hadi kesho asubuhi,
Mama Moraa