Hisa za Shaba Zilizokaa Eda

Mama Zaina, ndugu yangu,

Nina habari mbili. Ya kwanza ni nyepesi: Zaina wako ni mzima, anakula, na wiki hii nimemsikia akicheka na binti yangu jikoni. Ya pili inahusu hisa zetu. Hiyo nitaifikia polepole, maana nakujua. Ukiisikia kabla ya kuelezwa sababu utasimama, utafunga kitenge upya kiunoni, na hatutaelewana mpaka jioni.

Tangu presha ikuchukue, meza yako sokoni haijapata mtu. Wateja wako wanakuja kwangu, wanapapasa vitenge, kisha wanauliza yule mama mwingine, yule aliyekuwa anapunguza bei, yuko wapi. Nawaambia. Wengine wanakaa kidogo kunipa pole, wengine wananunua kwa huruma. Sipendi kuuza kwa huruma, lakini nauza.

Unakumbuka hii safari ya hisa ilivyoanza? Tulikuwa tunakula mikate na chai nyuma ya meza, ukaangalia barabarani ukaniuliza: "Hii shaba inatokaka huku kwetu. Sasa mwenyewe iko nani?" Nilitaka kukucheka. Baba yangu aliisafirisha shaba kwa reli maisha yake yote, na sikuwahi kumsikia akiuliza hivyo. Tukatafuta kwenye simu. Kumbe kampuni moja inayochimba huku kwetu ina hisa zinazouzwa ng'ambo, na hata mama muuza vitenge wa Lubumbashi anaweza kununua vipande vyake akiwa amekaa kwenye kigoda. Uliiangalia ile simu kama mtu aliyeokota pete.

Sehemu kubwa ya pesa ilikuwa yako, ya kumsomesha Zaina udaktari. Jina kwenye akaunti likawa langu, kwa sababu wewe ulikuwa na kadi ya uchaguzi tu na wale wa mtandaoni walitaka pasipoti. "Hakuna shida, Mama Kalenga," ulisema. "Pasipoti iko yako, akili iko yangu." Nilinuna mpaka tukafunga meza.

Lakini kazi tuliifanya pamoja. Siku za soko tulisoma ripoti za kampuni wateja wakipungua, na Jumamosi tulipanda teksi mpaka barabara ya Kasumbalesa, tukakaa kwa yule mama wa mikate, tukaangalia makamyo ya kampuni yetu yakielekea mpakani mwa Zambia. Mimi nilipenda ripoti, wewe ulipenda makamyo. "Ripoti inaweza kutudanganya," ulikuwa unasema. "Makamyo, hapana." Wanaume waliokaa pale walidhani tunawasubiri madereva, nawe ukawaacha wadhani hivyo, ukacheka mpaka chai ikamwagika.

Siku tuliponunua, mulongo wa makamyo, ile foleni ya kuelekea mpakani, ulikuwa mrefu kuliko siku zote. Ulipita hata duka la simenti, na mengi yalikuwa ya kampuni yetu, yamebeba shaba. Ulinishika mkono. Kampuni yenye mzigo mwingi hivi, ulisema, itakosaje faida? Nami niliamini, maana niliona kwa macho yangu.

Ulipofariki bei ilikuwa imeshaanza kuteremka. Baada ya hitima nilimfuata kaka yako Idi, nikamweleza kwamba pesa ya Zaina inapungua kila wiki, je, niuze? Kaka Idi hajui hisa lakini utaratibu wa kwenu anaujua. "Kitu ya marehemu haiguswi mpaka arobaini ipite," akasema. Nikamwambia hizi haziko kabatini, ziko kwenye simu yangu, kwa jina langu. Akaniuliza neno moja tu: ni za marehemu, au si za marehemu? Nikaifunga simu. Sijui kama kuna mji mwingine duniani ambako hisa zimewahi kukalishwa eda.

Kuangalia si kugusa, nikajisemea. Basi nikaangalia. Miwani ile tuliyokuwa tunapokezana ilikuwa yako, imefungiwa sandukuni pamoja na nguo zako, kwa hiyo nilikuza maandishi mpaka skrini nzima ikashika maneno matatu. Ripoti ni ya Kiingereza, na simu inanitafsiria kwa Kifaransa ambacho hata padri wetu hawezi kukielewa. Nikaenda hivyo hivyo, maneno matatu, maneno matatu. Nikuambie ukweli? Nilianza kwa hofu, kisha ikanikamata ile hamu uliyokuwa nayo wewe. Nilikuwa kwenye kilio, nimefunga kitambaa cheusi, na kila asubuhi natamani kupambazuke nifungue simu.

Tulizoea kusoma mstari mmoja, tani walizochimba. Huo ulikuwa unapanda vizuri. Chini yake kuna mwingine tuliokuwa tunauruka, tani walizouza, nao ulikuwa unashuka. Nikajiuliza, sasa ile shaba ya katikati iko wapi? Shaba hailiwi na panya. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo Jumamosi nikapanda teksi peke yangu. Mama wa mikate alinimiminia vikombe viwili kwa mazoea. Nikavinywa vyote. Halafu nikafanya jambo ambalo sisi wawili, na werevu wetu wote, hatukuwahi kulifanya: nikavuka barabara nikazungumza na dereva.

Kumbe yeye alikuwa haendi popote. Alikuwa anasonga bukari ya unga wa mahindi kando ya gurudumu, ameanika shati kwenye kioo, hata majirani wa barabarani anawajua kwa majina. Mpakani mambo yanakwenda polepole, akaniambia, na nyuma yake kuna wenzake wengi wanaongoja. Ile shaba ya katikati niliyoitafuta kwenye simu ilikuwa imekaa pale mbele yangu. Mulongo unakuwa mrefu wakati mizigo haipiti, Mama Zaina. Na sisi tulilijua hilo! Vitenge vyetu vyenyewe vilikuwa vinakwama kwenye mpaka huohuo. Asubuhi unaulaani mulongo kwa sababu ya vitenge, mchana unausifia kwa sababu ya hisa. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, nasi tulikuwa na macho manne.

Nilicheka pale barabarani mpaka dereva akaniuliza kama niko sawa. Kisha nikalia, kwa sababu mtu niliyetaka kumkimbilia na habari hiyo ni wewe.

Sasa usidhani niliamua papo hapo. Swali lilizaa swali. Shaba si nyanya, haiozi. Mpaka ukifunguka ile shaba yote itauzwa, na pengine bei ya hisa itarudi. Nikatazama madeni ya kampuni, nikaona wanayaweza. Nikalinganisha bei ya hisa na faida yao, nikaona leo ni rahisi kuliko siku tuliyonunua sisi. Nilikusikia kabisa ukisema "Unaona sasa? Tubakie." Na kama pesa ingekuwa yangu peke yangu, ningebaki, ili tu nijue mwisho wake unakuwaje. Nilishangaa kujikuta natamani hivyo, mimi niliyekuwa nakuambia kila siku hisa ni kamari ya wazungu.

Lakini chuo kinafunga kuandikisha muda mfupi baada ya arobaini yako. Nilimwona Zaina akipiga pasi vazi lake jeupe la mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ambalo halikuwa na hata kunjo moja, akilirudia na kulirudia. Nikaelewa jambo ambalo ripoti haiwezi kuniambia. Pesa ya Zaina ina tarehe yake. Mpaka hauna tarehe, na bei haina tarehe. Inaweza kurudi mwezi ujao, inaweza kurudi Zaina akiwa na wajukuu. Tuliihoji kampuni kila upande, ila pesa yetu wenyewe hatukuiuliza inahitajika lini.

Arobaini yako ilisomwa vizuri. Watu walijaa mpaka uani, pilau ilitosha, na wale wa soko walikuja wote, hata yule uliyegombana naye kuhusu kivuli cha meza. Kaka Idi alifungua sanduku, akagawa vitu vyako, miwani akanipa mimi. Halafu akaniambia kwa upole kwamba sasa ninaweza kugusa. Nilikaa na Zaina kwenye mkeka nikamweleza yote, mstari wa kuchimba na mstari wa kuuza, dereva na shati lake. Ana maswali kama yako. Mwishoni akaniuliza kama mama yake angeuza. Sikumdanganya. Nilimwambia hapana, mama yako angekataa, tungegombana, na huenda angenishinda.

Kisha nikauza, zote.

Tumepata pungufu ya tulichoweka. Inatosha mwaka wa kwanza. Wa pili utatoka kwenye vitenge, viuzwe kwa huruma au bila huruma. Zaina ameshaandikishwa, amerudi na karatasi ya chuo akaibandika juu ya kitanda chake. Siku ile tulipouza, yeye alikwenda kuosha vyombo, nami nikabaki kwenye mkeka nimeshika simu, nasubiri mtu anigombeze. Hakuna aliyenigombeza. Hiyo ndiyo habari ya pili, ndugu yangu. Kuhusu ule mulongo ulikosea, na mimi pamoja nawe. Kuhusu kuuza, sina mtu tena wa kuniambia kwamba aliyekosea ni mimi. Hilo ndilo linaloniumiza, kuliko pesa.

Basi pumzika. Sijui kama kwenu wanamkubalia mwanamke Mkatoliki kuja kaburini na maneno ya biashara, ila mimi nitakuja, na Kaka Idi aseme atakavyosema. Kila asubuhi bado naitazama ile bei, ingawa hatuna tena hata kipande kimoja. Nakuahidi hivi: siku ikipanda ikapita pale tuliponunua, hutaisikia kwa mtu mwingine. Nitakuja mimi mwenyewe kukuambia, na nitakaa hapo mpaka umalize kunicheka.

Wako,
Mama Kalenga