Punda Huitwa Kwanza

Kihesa, Alhamisi, Novemba 1979

Mkono bado unauma. Asubuhi nilimgusa Baba Tumaini begani kwa nyuma ili nimpe chai, akaruka, akaudaka mkono wangu na kuusokota. Ndivyo alivyo tangu arudi kutoka vitani Uganda. Aliponiachia, chai hakunywa. Akaenda bandani kwa punda wa mdogo wake.

Nimechoka kumwonea wivu punda. Yeye husimuliwa habari na mume wangu, hata kucheka huchekewa. Mimi mke naambulia ndiyo na hapana.

Jioni shemeji alikuja kumtwika punda kuni, akamwendea kwa nyuma. Mume wangu akamzuia taratibu.

“Usimjie kimya, atakupiga teke. Mwite kwanza, akusikie, ndipo umguse. Huyu alipigwa sana huko alikotoka.”

Nilibaki nimesimama na sufuria yangu.

Chakula kilipoiva nilimwita nikiwa bado mlangoni. “Baba Tumaini, ni mimi, nakuja.” Hakushtuka. Akanisogezea kigoda.

Ningelala na furaha, ila shemeji ameninong’oneza kwamba punda amepata mnunuzi wa Kilolo, anamchukua Jumamosi.

Habari hiyo sijui nimjie nayo kwa upande gani.