Laptop Inayoganda Kwenye Keki

Temeke, Jumapili

Kwako Jonas,

Sie huku wazima. Mama bado anakuitaga mkwe.

Uliniuliza nataka laptop gani ya kuhariri video, ukasema utaniletea ukija kujitambulisha kwetu. Nilichagua yenye RAM kubwa, maana hii yangu inaganda. Usihangaike tena kuitafuta.

Jana studio wamenipa harusi ya kuhariri, imerekodiwa hukohuko kwenu Dodoma. Nimefungua, bwana harusi ni wewe. Suti imekukaa.

Laptop inaganda kila mara pale unapomlisha mkeo keki, naanza upya. Yeye ameagiza hapo paende polepole, na wimbo juu. Nitapaweka anavyotaka.

Nikimaliza, wa kwanza kuonyeshwa ni Mama.

Mie,
Filomena