Nondo Aliyenichongea kwa Wakwe

Jumamosi, Rubongi, Uganda. Mvua tangu asubuhi, na mimi nimenuna kuliko hilo wingu.

Leo wakwe walivuka kutoka Busia ya Kenya kuja kumposa binti yangu, Athieno. Walisema watakuwa wanane. Wakashuka kumi na tisa.

Nikamwambia mke wangu: tukiulizwa asali, nyuki wamehama. Nilianza na mzinga mmoja, leo ninayo thelathini na miwili, na hakunisaidia mtu. Madumu manne yana mnunuzi tayari. Nikayasukuma chini ya benchi la wageni, nikayafunika kwa kitenge. Nani angetafuta hapo?

Waliulizia asali, nikawaambia nyuki wamehama, na mambo yakaenda vizuri mpaka tulipowasha taa.

Akaingia nondo mkubwa, upana wa kiganja. Akazunguka zunguka, akatua juu ya kile kitenge. Mgongoni ana fuvu la mtu, macho na yote. Shangazi wa bwana harusi akamgusa kwa fimbo. Nondo akalia kama panya.

"Kifo hicho!" shangazi akaruka. "Simameni, twende. Hapa hatuoi."

Wote kumi na tisa wakasimama. Athieno akanitazama. Anampenda yule kijana, hata mimi nalijua hilo.

Sasa mfuga nyuki gani asiyemjua nondo huyu? Nikaongea mbio mbio. Hilo si fuvu, ni rangi tu. Tazameni tumbo: njano, mikanda myeusi, na mstari wa kijivu katikati. Mabawa ya nyuma nayo ya njano. Kulia ndiyo kawaida yake. Habari za kifo hazijui, ni mwizi wa asali tu, anafuata harufu hata uifiche wapi.

Nilipomaliza sentensi hiyo ndipo nikaisikia mwenyewe.

Shangazi akamtazama nondo. Akatazama kitenge. Akainua pindo polepole, kama nesi anafungua kidonda.

"Baba Athieno, kumbe nyuki wako wamehamia chini ya makalio yangu?"

Walicheka mpaka benchi likapinduka. Shangazi akaketi, akaitisha vijiko, na kabla dumu la kwanza halijafika nusu, mambo ya mahari yalikuwa yamekwisha.

Wameondoka na madumu matatu. Athieno anaimba jikoni.

Nondo bado yuko kwenye pazia. Mke wangu anauliza kama amfukuze. Nimesema alale hapo hapo. Kati ya wageni wote wa leo, ndiye aliyekula kidogo.